Saratoga kwa gari: uwanja wa vita wa 1777 na kasoro ya barabara yake

Kwa anayetaka kuona kwa macho yake ni wapi makoloni 13 ya Marekani yalianza kuonekana kwamba yanaweza kuishinda Uingereza, naona hakuna mahali panapoipita Hifadhi ya Taifa ya Kihistoria ya Saratoga, iliyoko Stillwater katika jimbo la New York. Ardhi imetunzwa, mabonde yanaonekana, mto uko palepale, na hakuna kiingilio. Kinachowaharibia wengi ziara yao ni barabara ya wageni. Ina vituo 10 vilivyopangwa kwa kufuata lami, si mfululizo wa matukio. Hapa watu walipigana mara mbili, tarehe 19 Septemba na tarehe 7 Oktoba 1777, na vituo vinakutoa siku moja kukupeleka nyingine kisha kukurudisha. Asiyezijua tarehe hizo kabla ya kufika huishia kupiga picha za mizinga.

Tuanze na njia, maana wageni hupotea kabla hata ya kuiona hifadhi. Ukiandika "Saratoga" kwenye ramani ya simu, aghalabu utapelekwa Saratoga Springs, mji wa mbio za farasi na maji ya madini, ambako vita hivi havikupiganwa. Kijiji kilichoitwa Saratoga mwaka 1777 leo kinaitwa Schuylerville, na huko ndiko Waingereza waliposalimu amri. Mapigano yenyewe yalitokea kama kilomita 13 kusini yake, Stillwater. Kwa hiyo andika jina kamili la hifadhi. Ukitoka Albany kwa barabara kuu ya I-87, chukua njia ya kutokea namba 12 kisha fuata vibao vya kahawia. Treni inafika Saratoga Springs, lakini usitegemee basi la kukufikisha uwanjani. Kodi gari au ujipange na mwenzako mwenye gari.

Kituo cha wageni kiko juu ya kilima, na siku ya anga safi unaiona milima ya Vermont upande wa mashariki. Ndani kuna filamu fupi na ramani kubwa yenye taa zinazoonyesha vikosi vikisogea. Filamu unaweza kuiruka. Ramani usiiruke kamwe, kwa sababu ndiyo inayoziba pengo lililoachwa na barabara: inakuonyesha nani alikuwa wapi, siku gani, na alisogea kuelekea upande gani. Itazame mara mbili, ya kwanza ukiwafuata Waingereza, ya pili ukiwafuata Wamarekani. Kisha chukua ramani ya karatasi na kalamu, uandike kando ya kila kituo "Sept 19", "Okt 7" au "kambi". Ni kazi ya dakika tano, na itakusaidia kuliko kibao chochote utakachokutana nacho njiani.

Jambo jingine la kuja nalo kichwani ni kwa nini jeshi la Uingereza lilikuwa hapa hata kidogo, kwa kuwa uwanja wenyewe hauwezi kukuonyesha hilo. Jenerali John Burgoyne alishuka kutoka Kanada akiwa na askari zaidi ya 7,000, Waingereza na Wajerumani wa kukodiwa, wengi wao kutoka Brunswick. Shabaha yake ilikuwa kufika Albany kwa njia ya Ziwa Champlain na Mto Hudson, na hivyo kuyatenga makoloni ya New England, yaani yale ya kaskazini-mashariki, na mengine. Ngome ya Ticonderoga aliichukua mapema Julai karibu bila jasho, baada ya watu wake kupandisha mizinga kwenye kilima kilichokuwa kinaitazama ngome hiyo kwa juu. Baada ya hapo alikwama. Wamarekani chini ya Philip Schuyler waliangusha miti kukatisha njia, wakabomoa madaraja na kugeuza vijito, na mwendo wa chini ya kilomita 40 kutoka Skenesborough hadi Fort Edward ukamla wiki tatu hivi.

Agosti mambo yakazidi kumharibikia. Kikosi alichokituma kutafuta farasi na chakula kilivunjwa karibu na Bennington tarehe 16, akapoteza watu wapatao 900. Barry St. Leger, aliyekuwa aje kumkuta kwa kupitia bonde la Mohawk, aliiacha ngome ya Stanwix aliyokuwa ameizingira akarudi nyuma. Naye Jenerali William Howe, ambaye Burgoyne alimtarajia kutoka kusini, alikuwa amepanda meli kwenda kuishambulia Philadelphia. Basi Burgoyne alipovuka Hudson katikati ya Septemba kwa daraja la mashua, alikuwa peke yake, chakula kinapungua, na majani ya vuli yameanza kubadilika rangi. Ukilishika hilo, kila kituo kitakueleza kitu.

Barabara ina urefu wa karibu kilomita 15 na ni ya upande mmoja tu. Huwezi kugeuza gari ukiona umeruka kituo. Itabidi umalize mzunguko uanze upya. Tenga saa mbili kama unashuka kwenye vituo vikubwa tu, saa nne kama utatembea njia za miguu. Baiskeli zinaruhusiwa, ila kuna miteremko mikali, na mwenye baiskeli isiyo na gia ataona tabu.

Kituo cha kwanza kinatazama shamba la Freeman, na hapa pana haki ya kusimama muda mrefu. Mchana wa tarehe 19 Septemba wapiga shabaha wa Daniel Morgan, waliojificha ukingoni mwa msitu, waliwafyatulia risasi askari wa mbele wa Uingereza wakaangusha karibu kila ofisa. Kisha wakawakimbiza bila mpangilio, wakajikuta uso kwa uso na kikosi kikuu, wakatawanyika. Sababu ya yote mawili iko kwenye silaha. Bunduki zao zilikuwa na mitutu iliyochongwa mifereji ya kuzunguka kwa ndani, hivyo ziliweza kumpata mtu mmoja mmoja kwenye mita 200, lakini kuzishindilia kulichukua muda na hazikufungwa singe. Gobore la Mwingereza halikuwa na uhakika kupita mita 80 au 90, lakini askari aliyefunzwa alilifyatua mara tatu kwa dakika, na mwishoni mwake pana singe. Mpiga shabaha akikutwa mahali pa wazi huku bunduki yake ni tupu, hana cha kujikingia. Ndiyo maana watu wa Morgan waliunganishwa na askari wepesi wa Henry Dearborn, wenye magobore na singe.

Simama pale kwenye uzio uangalie upana wa shamba. Ni padogo. Kwa saa tatu na zaidi pande mbili zilisukumana kulivuka na kurudi, mizinga ya Waingereza ikitekwa na kukombolewa tena na tena. Wamarekani hawakuweza kuigeuza itumike dhidi ya wenyewe kwa kukosa njiti za kuwashia baruti. Katika wapiga mizinga 48 wa Kapteni Jones, 36 waliuawa au kujeruhiwa. Rejimenti ya 62 ya Uingereza iliingia na watu wapatao 350, ikatoka na takriban 60. Jioni Wajerumani wa Baron Riedesel walipanda kutoka mtoni wakawapiga Wamarekani ubavuni, na hao wakarudi kwenye kambi yao. Uwanja ukabaki kwa Burgoyne, naye akapoteza watu karibu 600, mara mbili ya hasara ya adui, na hakuwa na pa kupata wengine. Kibao cha hapa kinaeleza vizuri nani alishika uwanja, lakini hesabu hiyo ya nani angeweza kujaza nafasi za waliokufa nadhani ilistahili herufi kubwa zaidi.

Cha pili ni shamba la Neilson, kwenye miinuko ya Bemis. Nyumba ndogo nyekundu iliyopo ndiyo jengo pekee uwanjani lililokuwepo mwaka 1777, na nguzo fupi za mbao zinaonyesha ulipopita ukuta wa Wamarekani. Usiache kwenda hadi kituo cha tatu. Wageni wengi hukipita wakidhani ni mandhari tu, kumbe ndicho kinachofungua fumbo lote. Ukisimama pale unaona jinsi miinuko inavyousogelea Hudson hadi kuacha ukanda mwembamba wa ardhi tambarare, na barabara ya kwenda Albany ilipita kwenye ukanda huo. Mhandisi kutoka Poland, Tadeusz Kościuszko, ndiye aliyepanga maboma hapa na kuweka mizinga inayotazama barabara na mto kwa pamoja. Burgoyne alikuwa na mizinga mizito na mashua za mizigo, havikuweza kuuacha mto. Kwa hiyo ama apite chini ya mizinga hiyo, ama azunguke kwa msituni upande wa magharibi. Mapigano yote mawili yalitokana na chaguo la pili.

Kościuszko huyu ndiye aliyeacha wosia mwaka 1798 kwamba mali yake ya Marekani itumike kuwanunulia uhuru watumwa na kuwasomesha. Wosia huo haukutekelezwa. Waafrika, walio huru na walio watumwa, walikuwamo pia katika rejimenti za Wamarekani hapa, wamechanganyika na wazungu katika safu zilezile. Vibao vya barabarani vinawataja kwa haraka mno. Waulize walinzi wa hifadhi. Ukiwauliza wanaeleza kwa kina.

Kuanzia kituo cha nne kichwa chako kihamie Oktoba. Majuma mawili na zaidi yalikuwa yamepita. Burgoyne alisubiri msaada wa Henry Clinton kutoka New York, ambaye alizichukua ngome mbili za nyanda za juu za Hudson tarehe 6 Oktoba lakini hakufika karibu. Posho ya askari ilipunguzwa, watu wakatoroka, huku wanamgambo wakimiminika kwa Horatio Gates, kamanda wa Wamarekani, hadi akawa na watu wapatao mara mbili ya Burgoyne. Tarehe 7 Burgoyne alitoa watu kama 1,500 na mizinga 10 wakachungulie ubavu wa kushoto wa Wamarekani na kukata ngano kwa ajili ya farasi. Walionekana kutoka shamba la Chatfield, ambalo ni kituo cha nne, na wakavunjwa kwenye shamba la ngano la Barber, kituo cha tano, kwa muda usiozidi saa moja. Hapo ndipo Simon Fraser, jenerali aliyewatia moyo askari kuliko mwingine yeyote, alipigwa risasi akiwa juu ya farasi. Simulizi humpa sifa Timothy Murphy, mpiga shabaha wa Morgan, na ana mnara wake hifadhini. Ila simulizi hiyo ilianza kuandikwa miongo mingi baadaye, kwa hiyo ichukue kama simulizi.

Sasa kituo cha sita na cha saba, ambavyo havifai kutenganishwa. La kwanza, boma la Balcarres, lilikuwa la magogo na udongo, urefu wa karibu mita 450, kimo cha mita nne hivi, na mizinga minane. Wamarekani walilishambulia wakashindwa. Umbali mfupi kaskazini-magharibi kuna la pili, la Breymann: ukuta mmoja tu wa magogo wa mita 180 hivi, kimo chake kidogo kuliko mita mbili na nusu, uliowekwa kulinda ubavu wa kulia wa jeshi zima. Wengi wa watu wake walikuwa wametolewa kwenda kwenye shamba la ngano, wakabaki Wajerumani wapatao 200. Kati ya maboma hayo mawili palikuwa na vibanda viwili tu vya magogo, vilivyoshikwa na Wakanada wachache. Acha gari utembee katikati ya vituo hivi ukitazama bonde lililopo: vibanda vile vilipoanguka, mlango ulikuwa wazi. Benedict Arnold, jenerali wa Marekani ambaye Gates alikuwa amemnyang'anya amri baada ya kugombana, aliingia vitani bila ruhusa, akapita kwenye uwazi huo na kuingia bomani kwa nyuma. Breymann, ofisa wa Kijerumani aliyeamuru boma hilo, aliuawa humo. Arnold akavunjwa mguu wa kushoto, uleule uliojeruhiwa Quebec miaka miwili nyuma. Kwa kuanguka boma hili dogo, kambi yote ya Waingereza ilikuwa imebaki wazi ubavuni na mgongoni, na usiku huo huo wakaihama.

Nyuma ya boma kuna mnara wa jiwe wa mwaka 1887 wenye buti la mguu wa kushoto, unaomsifu shujaa kwa kila neno zuri bila kulitaja jina lake. Arnold alijaribu kuwauzia Waingereza ngome ya West Point mwaka 1780, na aliyeusimamisha mnara hakuona namna ya kuandika jina lile kwenye mnara wa sifa. Tafuta kijia, ukibaki kwenye gari hutauona.

Vituo viwili vinavyofuata, makao ya Burgoyne na Boma Kuu, unaweza kuvipita haraka isipokuwa unapenda kuutazama mto. Kwenye cha mwisho, mahali alipozikwa Fraser jioni ya tarehe 8, kuna mzunguko wa miguu wa karibu kilomita moja na nusu. Kushuka ni rahisi, kupanda kunachosha magoti, hivyo wazee wabaki juu. Mwenye nguvu na muda achukue badala yake njia ya Wilkinson, karibu kilomita saba kuanzia kituo cha wageni, inayopitia ardhi ambayo magari hayafiki.

Mambo ya mwilini sasa. Kupe wapo wengi kwenye majani marefu, na katika eneo hili wanaambukiza ugonjwa wa Lyme. Vaa suruali ndefu, ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi, paka dawa ya kufukuza wadudu, na jichunguze nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele za watoto kabla ya kulala. Hakuna mgahawa ndani, basi beba maji na chakula. Tumia choo cha kituo cha wageni kabla ya kuanza mzunguko. Barabara hufungwa msimu wa theluji, na saa za kufungua hubadilika. Angalia tovuti ya hifadhi siku moja kabla. Programu ya simu ya Huduma ya Hifadhi za Taifa ina maelezo ya kila kituo, ila yapakue mapema ukiwa na intaneti ya uhakika. Muda mzuri zaidi ni mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba: joto limepungua, na mwanga na majani ni kama yalivyokuwa siku zile.

Usimalizie Stillwater. Endesha kaskazini hadi Schuylerville, uone nyumba ya Schuyler. Burgoyne aliichoma ile ya awali akirudi nyuma, na iliyopo ilijengwa kabla mwaka haujaisha. Ziara ya ndani inaeleza pia kuhusu watumwa waliofanya kazi za familia hiyo, jambo ambalo nyumba nyingi za aina hii zilikuwa zikilificha. Kisha nenda kwenye Mnara wa Saratoga, mita 47 kwenda juu, ngazi 188. Nje una vyumba vinne vya sanamu: Gates, Schuyler na Morgan wamo, na cha nne, upande wa kusini, kimeachwa kitupu kwa sababu ya Arnold. Ngazi hazifunguliwi kila siku, uliza kwanza. Chini kwenye bonde, tarehe 17 Oktoba, watu karibu 6,000 wa Burgoyne waliweka silaha chini. Habari zilifika Paris mwanzoni mwa Desemba, na tarehe 6 Februari 1778 Ufaransa ilitia sahihi mkataba wa kuingia upande wa Marekani.

Mwenye nafasi ya ziara moja tu huuliza kama aende hapa au Yorktown, Virginia, ambako jenerali wa Uingereza Cornwallis alisalimu amri tarehe 19 Oktoba 1781. Yorktown ina mahandaki yanayoonekana vizuri na hadithi yake imenyooka: kuzingirwa, kupigwa mizinga, kusalimu amri. Kwa familia yenye watoto wadogo nashauri huko. Lakini meli za Ufaransa zilizomzibia Cornwallis njia ya bahari zilikuwa vitani kwa sababu ya kilichotokea Saratoga, na anayetaka kujua vita viligeukia wapi aje Stillwater. Bunker Hill mjini Boston ni ya nusu siku: mnara wa ngazi 294, mtaa wa nyumba umezunguka, na ardhi ya mapigano ya 1775 karibu yote imejengwa.

Kwa ardhi na utunzaji naipa Saratoga nyota tano. Kwa mpangilio wa vituo naipa mbili. Rangi mbili kwenye vibao vya barabarani, moja ya Septemba na nyingine ya Oktoba, zingetosha kuondoa tatizo, na kazi yenyewe ni ndogo.